Ukisikia "malaria imeua laki sita", hiyo namba imetoka wapi?

Msibani ukiuliza marehemu alikuwa anaumwa nini unajibiwa presha, au homa tu ya siku mbili, basi, kesho yake anazikwa na hakuna daktari aliyeandika popote. Halafu watu wanaamini WHO, Shirika la Afya Duniani, wana daftari la kila aliyekufa duniani. Hawana. Ile milioni 55 ya waliokufa mwaka 2019 ni makadirio, na Afrika wengi wanafia nyumbani bila cheti chochote.

"Kwa hiyo wanabuni tu!" Hapana jamani, na hii ndo inaniuma zaidi, manake nyuma ya hizo namba kuna watu wametembea kwa miguu. Hapa Tanzania tangu 1992, Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini, wahojaji walikuwa wanaenda kwa wafiwa kabisa, wanakaa nao mkekani, wanauliza homa ilianza lini, alikuwa anakohoa, alikonda, alivimba miguu, alikuwa mjamzito? Majibu yanasomwa na madaktari, kila mmoja peke yake, ndo wanalinganisha walichoamua. Kwa ajali au kifo cha uzazi njia hii inafanya vizuri, kwa malaria inasumbua, kwa sababu homa ni homa, mama mfiwa hawezi kukwambia ilikuwa malaria au nimonia.

Ndo maana kwa mwaka 2010 WHO walisema malaria imeua watu 655,000, na watafiti wa chuo kikuu huko Seattle, Marekani, wakaja na milioni 1.24, karibu mara mbili! Hakuna aliyedanganya, ugomvi mkubwa ulikuwa ni watu wazima wangapi wanakufa kwa malaria. Kwa hiyo ukiona namba moja tupu bila "kati ya hapa na hapa", uliza.

Kingine, cheti kikiandikwa "moyo ulisimama" watu wanasema kafa kwa moyo. Moyo wa kila anayekufa unasimama. Kinachotafutwa ni kile kilichoanzisha safari nzima, mfano mwenye VVU akifa kwa TB anahesabiwa upande wa VVU. Na moyo wenyewe sio ugonjwa wa wazungu, zaidi ya robo tatu ya vifo vya moyo na mishipa ya damu viko nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani huku kwetu.

Alafu kuna hili la kuhesabu makaburi tu. Mwaka 1993 Benki ya Dunia walitoa ripoti yenye kipimo walichokitengeneza watafiti Christopher Murray na Alan Lopez: mwaka mmoja wa maisha yenye afya uliopotea. Mtoto wa miaka miwili akifa kapoteza miaka mingi kuliko mzee wa 80, na anayeishi na maumivu naye anahesabiwa. Mgongo haumuui mtu lakini 2020 ulikuwa unawatesa watu milioni 619, kwenye hesabu ya vifo hao wote hawaonekani kabisa.

Na Uviko je? Vifo vilivyoripotiwa 2020 na 2021 ni kama milioni 5.4. WHO walipolinganisha waliokufa na waliotarajiwa kufa miaka ya kawaida, ziada ikawa milioni 14.9, na humo wamo hata waliokufa kwa magonjwa mengine kwa sababu wodi zilijaa.