Meza yako haina njaa ya mafuta

Meza ikinata, imefifia na imejaa vumbi lisilofutika, maelezo ya mwenye meza huwa yale yale: mbao ilikuwa inakauka, nikaipaka mafuta ya zeituni na siki, si ni vitu vya asili? Ni vya asili, ndiyo. Hata matope ni ya asili.

Kinachotoka kwenye mbao ikikauka ni maji, si mafuta. Hewa ikiwa kavu mbao husinyaa, ikiwa na unyevu hutanuka. Hupasuka pale inaposinyaa huku imebanwa na gundi au misumari, au upande mmoja unapokauka haraka kuliko mwingine, mathalani kwenye jua la dirishani. Mafuta hayazuii hilo. Kwanza hayafiki hata kwenye mbao, maana samani nyingi zina vanishi au laka, na mafuta hubaki juu yake.

Yakibaki hapo juu, ndipo shida inapoanza. Mafuta ya kitani (linseed) yakikutana na hewa hugeuka utando mgumu. Ya zeituni hayagandi hivyo. Hukaa majimaji, hunasa vumbi, kisha huharibika na kunuka. Penye ufa kwenye vanishi hupenya na kuacha doa jeusi, na siku fundi akija kupiga vanishi upya, haishiki. Ule mng'ao wa siku ya kwanza ni mafuta yaliyojaza mikwaruzo midogo. Siki nayo ina asidi ya kutosha kufifisha vanishi ukiirudia mara kwa mara, na limau ni hivyo hivyo.

Samani iliyomaliziwa kwa mafuta tangu mwanzo, isiyo na vanishi, ndiyo pekee inayostahili kupakwa tena, na kwa mafuta yanayokauka.

Usafi wenyewe ni mwepesi mno, labda ndiyo maana watu hawauamini. Futa vumbi kwanza kwa kitambaa laini kikavu, kwa sababu chembe za mchanga zilizomo hukwaruza ukizisugua na maji. Weka nusu kijiko cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo kwenye lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Jaribu chini ya meza. Chovya kitambaa, kikamue mpaka kisitoe tone, ufute kwa kufuata nyuzi za mbao, sehemu ndogo ndogo. Pitisha kitambaa cha pili chenye maji safi, na cha tatu kikavu hapo hapo. Maji yakituama kwenye maungio, gundi huachia na vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu, huinuka. Meza iliyokwisha kupakwa mafuta huhitaji kurudiwa hivi mara kadhaa.

Utasikia na mengine. “Siki na bikaboneti ya soda pamoja ni kali zaidi.” Hapana. Zinauana: povu ni gesi tu, kinachobaki ni maji yenye chumvi. Na unga wa bikaboneti hukwaruza.

“Doa la glasi limeharibu mbao.” Doa jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, na mara nyingi hutoka wenyewe kadiri unavyokauka. Doa jeusi limefika kwenye mbao. Hilo mpe fundi, usilisugue.

“Spiriti ni salama, hukauka haraka.” Huyeyusha shelaki, mpako wa samani unaong'aa kama vanishi, papo hapo. Tone moja mahali pa siri: pakinata, ni shelaki, weka chupa mbali.

“Nta ya nyuki kila wiki.” Mara moja au mbili kwa mwaka yatosha, na iwe nyembamba, ikirundikana hufifisha mng'ao.

Na kama kweli utatumia mafuta ya kitani, usikunjekunje vitambaa ulivyopakia ukavitupa kwenye ndoo ya taka. Yanapokauka hutoa joto, na rundo hilo linaweza kuwaka moto lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, au uviloweke kwenye maji.