Ubaguzi wa kitaasisi: pale rangi ya mhanga inapoamua uzito wa upelelezi

Wengi wakisikia polisi wana ubaguzi wa rangi, humfikiria askari anayetukana au kupiga watu weusi. Ubaguzi wa kitaasisi unaweza kuwapo bila tusi hata moja kutamkwa. Askari wanafika, maelezo yanaandikwa, jalada linafunguliwa, lakini kazi inafanywa kwa ulegevu kwa sababu ya rangi ya aliyedhurika.

Stephen Lawrence alikuwa kijana mweusi wa miaka 18. Usiku wa tarehe 22 Aprili 1993, akisubiri basi Eltham, kusini mashariki mwa London, kundi la vijana wa Kizungu lilimvamia na kumchoma kisu akafa. Askari waliofika hawakumpa huduma ya kwanza. Duwayne Brooks, rafiki aliyekuwa naye na akanusurika, alikuwa amejawa hofu na hasira. Askari wakamwona mkorofi tu. Kwangu hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa maana shahidi mkuu wa mauaji alitiliwa shaka damu ya mwenzake ikiwa haijakauka.

Majina ya washukiwa yaliwafikia polisi ndani ya siku chache. Hata hivyo, watu wa kwanza walikamatwa tarehe 7 Mei, siku moja baada ya wazazi wa Stephen kukutana na Nelson Mandela jijini humo. Wiki mbili zatosha kabisa kufua nguo na kupanga uongo.

Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Jaji William Macpherson, iliyotoka Februari 1999, ilitaja uzembe wa kikazi, uongozi mbovu na ubaguzi wa kitaasisi. Huo wa mwisho iliueleza kuwa ni taasisi kwa ujumla wake kushindwa kuwahudumia watu ipasavyo kwa sababu ya rangi, utamaduni au asili yao, hata kama chanzo ni mazoea, ujinga au dhana ambazo mtu hajui kuwa anazo. Kwa hiyo askari akijitetea kwamba moyoni hana chuki, hajajibu hoja. Kinachoulizwa ni mhanga alipata nini.

Mwaka 1997 baraza la uchunguzi wa kifo lilisema washambuliaji walikuwa watano. Waliotiwa hatiani kwa mauaji hayo, Januari 2012, ni wawili.