Mafuriko ndani ya mnara wa uziduaji

Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayopatikana kiwandani Wawi, Chake Chake, kisiwani Pemba, yakitulia pamoja na maji huzama badala ya kuelea, kwa kuwa densiti yake (uzito kwa ujazo uleule) inazidi ya maji kwa takriban asilimia 5. Kiwanda hicho hutumia mvuke, si mnara wa uziduaji, ambamo vimiminika viwili hupishana ili kimoja kitoe kitu katika kingine, lakini tofauti ndogo ya namna hiyo ndiyo inayoamua kama mnara utafanya kazi au utafurika.

Uziduaji wa kimiminika kwa kimiminika ni kukitoa kitu kilichoyeyuka katika kimiminika kimoja kwa kukikutanisha na kingine kisichochanganyika nacho, ambacho kitu hicho huyeyuka humo zaidi. Yujinoli, kemikali kuu ya mafuta ya karafuu, kwa mfano, hutoka katika mafuta hayo ikaingia katika maji yenye kostiki (sodiamu haidroksaidi). Ila maji yenye kostiki ya asilimia 5 yana densiti inayokaribia 1.05, ile ya maji ikiwa 1, sawa na mafuta yenyewe, na matone ya kimoja ndani ya kingine yangening'inia tu, hayapandi wala hayashuki. Kwa hiyo mafuta huchanganywa kwanza na kiyeyushi chepesi kama heksani ili densiti yake ishuke.

Katika mnara wa silinda inayozunguka, kimiminika kizito (hapa maji ya kostiki) huingia juu na chepesi (mafuta) huingia chini, vikapishana katika nafasi nyembamba baina ya silinda ya ndani na ukuta wa nje. Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alionesha mwaka 1923 kwamba silinda ya ndani ikizidi kasi fulani, kimiminika kilichomo katika nafasi hiyo hujipanga katika mizunguko iliyopandana, kila mmoja ukizunguka kinyume cha jirani yake. Mzunguko huo wa silinda ndio unaopasua matone.

Lita moja ya mafuta iliyopasuliwa kuwa matone ya milimita 2 ina uso wa mita za mraba 3, na ikifanywa matone ya milimita 1 uso huwa mita za mraba 6, jambo linaloharakisha uziduaji. Tatizo ni kwamba tone dogo sana likipunguzwa kipenyo kwa nusu, kasi yake ya kupanda hushuka hadi robo. Basi matone huchelewa kutoka, huku mengine yakiendelea kuingia, na sehemu ya mnara iliyojaa matone, inayoitwa ujazo ulioshikiliwa, huongezeka. Kuupima ni kazi rahisi kuliko inavyodhaniwa: hufungwa valvu zote kwa pamoja, silinda husimamishwa, na husubiriwa hadi tabaka mbili zijitenge. Mnara wa lita 10 ukionesha lita 1.5 za mafuta, ujazo huo ni asilimia 15.

Ukizidi kupanda, matone hubanana, kimiminika kizito hukosa njia ya kushuka, na hatimaye kimiminika chepesi hukokotwa kikatoka chini pamoja na kile kizito, mahali ambapo hakikutakiwa. Hayo ndiyo mafuriko. Huletwa na silinda inayokwenda kasi mno, au na mtu aliyefungua valvu za kuingizia kupita kiasi, na tofauti ya densiti ikiwa ndogo huja mapema zaidi. Anayeendesha mnara wa kioo huyaona yakikaribia: kwanza matone yanayotambulika moja moja, kisha weupe mzito kama tui la kwanza, na mstari unaotenganisha tabaka mbili unaanza kuhama. Hapo hupunguzwa mwendo wa silinda au mtiririko, kisha hungojewa mpaka mstari urudi mahali pake.