Nyayo zinazowaka moto usiku: je, dawa za peptidi zitasaidia?

Nina kisukari, naishi Kayole. Usiku nyayo huwaka, hata shuka inaniuma. Mbona Panadol haisaidii?

Pole sana. Panadol haifai sana kwa maumivu ya aina hii. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva zenyewe, yaani mishipa ya fahamu, na neva iliyoharibika hutoa ishara ya maumivu hata pasipo na kidonda. Waliougua mkanda wa jeshi wanayajua pia.

Peptidi ni kitu gani?

Ni mnyororo mfupi wa asidi amino, zilezile zinazojenga protini. Insulini unayodungwa ni peptidi. Ukiimeza, tumbo litaimeng'enya kama nyama.

Mtafiti anajuaje kwamba panya amepata nafuu?

Swali zuri sana. Njia moja, iliyoelezwa na Bennett na Xie mwaka 1988, ni kuifunga kwa nyuzi, bila kukaza, neva kubwa ya mguu wa nyuma. Baadaye unyayo huo hauvumilii kuguswa. Panya huwekwa juu ya wavu, naye mtafiti huugusa unyayo kutoka chini kwa nyuzi za plastiki, akianza na laini kabisa, akiandika ni uzi upi uliomfanya avute mguu. Akishapewa dawa, hupimwa tena. Akivumilia uzi mgumu zaidi, kuna nafuu.

Peptidi iitwayo ARA 290, yenye asidi amino 11, ilileta nafuu hiyo kwa panya walioumizwa neva, na uchochezi (mwitikio wa kinga ya mwili unaozidisha maumivu) katika uti wa mgongo ukapungua. Panya waliozaliwa bila kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayoipokea peptidi hiyo, hawakupata nafuu, na kwangu huo ndio ushahidi wenye uzito: dawa inapita njia inayojulikana. Hata hivyo, kuvuta mguu ni kipimo cha mguso. Hakituambii kama panya amelala usiku kucha.

Ipo iliyofika kwa binadamu?

Ipo zikonotidi, nakala ya sumu ya konokono wa baharini, Conus magus. Huziba milango ambayo kalsiamu huingilia ndani ya neva za uti wa mgongo, ishara ya maumivu isipite. Marekani iliidhinisha mwaka 2004. Lakini hupitishwa kwa pampu hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, na yaweza kumfanya mtu achanganyikiwe au aone vitu visivyokuwepo. Ni ya maumivu makali yaliyoshinda dawa nyingine.

Kuna vichupa vya peptidi vinauzwa mtandaoni. Ninunue?

Usinunue, tafadhali. Vingi vimeandikwa "kwa utafiti tu", na hujui kilichomo. Dawa halali husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu.

Rudi kliniki ya sukari ueleze huo moto wa usiku. Zipo dawa za maumivu ya neva: amitriptilini, gabapentini, pregabalini na duloksetini. Daktari huanza na dozi ndogo. Kama umemeza metformini, dawa ya sukari, kwa miaka mingi, omba upimwe vitamini B12, kwa kuwa upungufu wake nao huumiza neva. Ukifika mbele ya daktari, vua viatu na soksi akukague nyayo: miguu inayowaka huweza pia kufa ganzi, na kidonda kikaanza bila wewe kuhisi.