Nyumba ya Likizo, Marufuku ya Usafiri na Haki ya Kurudishiwa Fedha

Ijumaa tarehe 26 Machi 2021, ikiwa imebaki wiki moja kufika Ijumaa Kuu, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kuanzia usiku wa manane hakuna mtu angeruhusiwa kuingia wala kutoka, iwe kwa barabara, kwa reli au kwa ndege, katika eneo moja lililojumuisha kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 1 Mei. Pasaka iliangukia katikati, na pamoja nayo safari za watu waliokuwa wamekwisha kulipia nyumba za likizo huko Diani, Watamu, Malindi na Nanyuki. Walioomba kurudishiwa fedha zao walikutana na majibu ya aina mbili au tatu: arbuni hairudi, chagua tarehe nyingine, au kimya. Marufuku ya namna hiyo yanaweza kuja tena kwa sababu ya maradhi, mafuriko au usalama, na maswali yatakuwa yale yale, kwa hiyo inafaa kuyajibu sasa wakati hakuna aliye na haraka.

Mlalamikaji mara nyingi huanza kwa kueleza ukubwa wa janga. Kisheria hilo halitoshi. Kinachotakiwa kujulikana ni amri ilikataza nini hasa, ilimkataza nani, na ilianza lini. Amri ya Machi 2021 ni mfano mzuri kwa sababu mipaka yake ilikuwa wazi. Aliyekuwa Nairobi na nyumba yake ya likizo iko Diani, katika Kaunti ya Kwale, hakuweza kusafiri bila kuvunja sheria. Aliyekuwa Nairobi na nyumba yake iko Naivasha hakuwa amekatazwa safari hiyo, kwa kuwa Naivasha iko Nakuru na kaunti zote 5 zilihesabiwa kuwa eneo moja. Familia ya Mombasa iliyokuwa ielekee Watamu haikuguswa na zuio hilo hata kidogo. Watu hawa watatu huenda waliogopa kwa kiwango kimoja na wakabaki nyumbani kwa busara ile ile, lakini madai yao hayana uzito sawa.

Sababu ya tofauti hiyo iko katika sheria ya mikataba. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inazitambua kanuni za sheria ya kawaida ya Uingereza, yaani zile zilizojengwa na maamuzi ya mahakama, kuhusu mikataba, na miongoni mwake imo kanuni kwamba mkataba hufikia kikomo wenyewe pale jambo ambalo pande zote mbili zililichukua kuwa msingi wake linapoondoka bila kosa la yeyote kati yao. Kesi zinazotajwa zaidi katika kanuni hii zinahusu ukodishaji wa muda mfupi, jambo ambalo wengi hawalitarajii. Mwezi Juni 1902 Mfalme Edward VII alikuwa atawazwe London, na bwana mmoja, Henry, alikodi vyumba katika mtaa wa Pall Mall kwa siku 2 ili autazame msafara. Bei ilikuwa pauni 75, na alitanguliza pauni 25. Mfalme aliugua, sherehe zikaahirishwa, na mwenye vyumba, Krell, akadai pauni 50 zilizobaki. Vyumba vilikuwepo, milango ilikuwa wazi, hakuna aliyemzuia Henry kuingia na kuketi dirishani. Hata hivyo, mwaka 1903 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba hakuwa na deni, kwa kuwa msafara ndio uliokuwa msingi wa makubaliano na pande zote mbili zililijua hilo.

Mwaka huo huo mahakama ile ile ilimwamulia kinyume mtu mwingine, Hutton, aliyekodi meli ili awatembeze abiria katika maji ya Spithead, waone gwaride la majini la mfalme na kuzunguka manowari zilizokusanyika hapo. Gwaride lilifutwa lakini manowari hazikuondoka. Sehemu ya safari ilibaki na maana yake, na Hutton akatakiwa kulipa. Kwa maoni yangu kesi hizi mbili zinatosha kumwelekeza mtu kabla hajaenda kwa wakili: mpangaji wa Diani yuko karibu na Henry, na mpangaji wa Naivasha, ambaye njia yake haikufungwa na ambaye pengine alikosa tu starehe alizozitarajia, yuko karibu na Hutton.

Inabaki hoja ya fedha zilizokwisha kulipwa. Kwa miongo kadhaa msimamo wa mahakama za Uingereza ulikuwa kwamba kilichotangulizwa kinabaki kwa aliyekipokea, na unafanana na ule usemi kwamba arbuni hairudi. Mwaka 1942 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likiamua kesi ya kampuni ya Kipolandi iliyotanguliza pauni 1,000 kwa mashine ambazo vita viliizuia kuzipata, liliukataa msimamo huo: mtu aliyelipa na asipate chochote kabisa badala ya malipo yake anaweza kuzidai fedha hizo zirudi. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilitunga sheria iliyothibitisha haki hiyo na kuongeza kwamba mahakama inaweza kumruhusu mpokeaji kubaki na kiasi cha gharama alizokwisha kuzitumia kwa ajili ya mkataba. Ni kipimo cha haki hata nje ya mahakama. Mwenye nyumba aliyekwisha kununua chakula kilichoagizwa na mgeni ana sababu ya kukata thamani yake. Hana sababu ya kukata mshahara wa mlinzi ambaye angelipwa hata kama nyumba ingekaa tupu. Amana ya uharibifu, kwa upande wake, haina mjadala, kwani anayeishikilia wakati hakuna aliyelala ndani ya nyumba anashikilia mali ya mwenzake.

Mwenye nyumba naye ana hoja zake, na si haki kuzipuuza. Ya kwanza ni kwamba nyumba ilikuwa tayari, na kufika ni jukumu la mgeni. Hoja hii hupungua nguvu kadiri mawasiliano yanavyoonyesha kwamba alijua mgeni anatoka wapi. Ikiwa katika ujumbe wa kuweka nafasi mgeni aliandika, "Tunatoka Nairobi Alhamisi kwa treni, je, kuna mtu wa kutupokea Miritini?" na mwenye nyumba akajibu kwamba atatuma gari, basi safari kutoka Nairobi ilikuwa sehemu ya mazungumzo na haikuwa siri ya mgeni peke yake. Pasipo na ujumbe wa namna hiyo, dai linabaki hai lakini linakuwa jembamba.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Kufikia Machi 2021 kila Mkenya alikwisha kuona marufuku ya safari: Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili 2020, zikafuata Mombasa, Kilifi na Kwale siku mbili baadaye, na safari zikafunguliwa mapema Julai. Aliyelipia nyumba ya Pasaka baada ya hayo yote anaweza kuambiwa kwamba aliijua hatari na akaikubali. Jibu linategemea zaidi maneno ya mkataba kuliko kumbukumbu za watu. Kama mkataba unasema waziwazi nani atabeba hasara serikali ikizuia safari, maneno hayo ndiyo yatakayofuatwa, na kanuni ya mkataba kufikia kikomo haitakuwa na nafasi. Kama unasema tu kwamba "mgeni akifuta nafasi ndani ya siku 14 hatarudishiwa fedha", sharti hilo linamhusu mgeni aliyebadili nia. Kulinyoosha limfunge mtu aliyezuiwa na polisi barabarani ni kulipatia maana lisilokuwa nayo, na mahakama huielekeza shaka ya maneno dhidi ya yule aliyeyaandika. Nchini Uingereza, mamlaka inayosimamia ushindani na masoko ilisema tarehe 30 Aprili 2020 kwamba inatarajia mtumiaji arudishiwe fedha zote pale vizuizi vya serikali vilipomzuia kupata huduma, na mwezi Juni mwaka huo kampuni kubwa ya nyumba za likizo ikaahidi kuwarudishia wateja wake. Tamko hilo haliifungi Kenya, lakini linatoa mwanga kwa kuwa linatokana na kanuni tulizozirithi.

Kutoka hapo tunafika kwenye kosa linalowapotezea watu fedha kuliko yote, nalo ni kufuta nafasi mapema mno. Tuchukue mfano wa kufikirika. Nyumba ya Diani imekubaliwa kwa shilingi 60,000 kwa usiku 4 kuanzia tarehe 1 Aprili, na nusu imelipwa. Jumatano tarehe 24 Machi uvumi umetapakaa, na mgeni anaandika, "Samahani, mambo yameharibika, tumeamua kutokuja." Siku mbili baadaye amri inatolewa. Mwenye nyumba sasa anaweza kusema, kwa haki, kwamba mkataba ulivunjwa na mgeni tarehe 24, kabla serikali haijamzuia mtu yeyote, na masharti ya kufuta yatatumika. Mgeni yule yule angesubiri hadi Jumamosi tarehe 27 na kuandika kwamba amri ya jana imefanya safari yao kuwa kosa la jinai katika tarehe walizokubaliana, msimamo wake ungekuwa tofauti kabisa. Neno "tumeamua" limempokonya hoja yake bora. Anayehofia afya yake anaweza kuomba kuahirisha huku akisema wazi kwamba hajafuta, na hilo linatosha kumlinda mpaka hali itakapojulikana.

Tahadhari kama hiyo inahitajika unapopewa vocha au tarehe nyingine. Kupokea ni halali, na mara nyingi ni uungwana kwa mwenye nyumba mdogo ambaye fedha alikwisha kuzitumia kulipa mkopo, lakini anayekubali anafunga mkataba mpya na kuliacha dai la fedha. Kabla ya kukubali, bei ya tarehe mpya, muda wa mwisho wa kutumia vocha na hatima yake iwapo marufuku yatarudi viwe vimeandikwa. Nimeona vocha zisizotaja hata moja kati ya hayo.

Waliopitia majukwaa ya intaneti wana safu nyingine ya masharti. Airbnb, kwa mfano, iliwaruhusu wageni wa nafasi zilizowekwa hadi tarehe 14 Machi 2020 kufuta kwa sababu ya korona na kurudishiwa fedha, lakini waliohifadhi nafasi baada ya hapo kwa kawaida walibanwa na sera ya kila mwenye nyumba. Kanuni yake iliyoanza Juni 2024 inahesabu marufuku ya lazima ya serikali yanayozuia kufika au kukaa mahali nyumba ilipo, na ushauri wa serikali usio na nguvu ya sheria hauhesabiwi. Njia ya malipo nayo ina uzito wake. Aliyelipa kwa kadi anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo, jambo ambalo mara nyingi lina ukomo wa siku 120, kwa hiyo asingoje ahadi za mwenye nyumba zimalize muda huo. Aliyelipa kwa M-Pesa hana njia hiyo. Huduma ya kurudisha muamala kupitia namba 456 imewekwa kwa ajili ya fedha zilizotumwa kimakosa, na kuitumia katika mgogoro wa mkataba ni kutoa maelezo ya uongo.

Dai lenyewe liandikwe, hata kama mazungumzo yote yalikuwa ya simu. Barua fupi inatosha: "Tarehe 10 Februari nililipa shilingi 30,000 kwa ajili ya nyumba yako ya Diani kuanzia tarehe 1 hadi 5 Aprili. Kwa amri iliyoanza usiku wa tarehe 26 Machi, safari ya kutoka Nairobi kuja Kwale ilipigwa marufuku katika siku hizo zote. Sikufuta nafasi. Naomba kurudishiwa fedha hizo ndani ya siku 14." Ziambatanishwe picha za ujumbe wa makubaliano, tangazo la nyumba kama lilivyokuwa siku ya kulipa, uthibitisho wa malipo, na nakala ya amri kutoka Gazeti Rasmi la Kenya, ambayo ina uzito kuliko taarifa ya habari.

Siku 14 zikipita bila jibu, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iwapo kulikuwa na maelezo ya kupotosha au masharti ya kumkandamiza mteja, na kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo nyumba za likizo zimo miongoni mwa biashara inazozipa leseni. Kwa kuzidai fedha zenyewe, njia iliyo nyepesi zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yakiwemo ya huduma zilizolipiwa na ya fedha zilizopokewa na kushikiliwa, mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6, hivyo lililozaliwa Aprili 2021 linafikia ukomo Aprili 2027.

Kinachowakwamisha wengi katika usajili wa shauri ni jina la mdaiwa. Wanamjua kwa jina la utani lililokuwa kwenye tangazo na kwa namba ya simu ambayo huenda haipatikani tena. Jina linalosomeka kwenye ujumbe wa M-Pesa ndilo la kuanzia, na kama malipo yalipitia namba ya biashara, litakuwa jina la kampuni au la wakala, ambaye naye anaweza kuunganishwa katika shauri hadi aonyeshe kwamba fedha alizikabidhi na kwa nani.