Kwa nini rangi ya chungwa inageuka njano kwenye picha zako

Miaka michache iliyopita nilipiga picha za sendofu hapa Moshi. Akina mama walivaa sare ya kitenge cha rangi ya chungwa, nami nikawapanga bustanini saa saba mchana. Nilipopeleka picha, mama wa bibi harusi alizitazama kimya, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mbona umetubadilishia kitambaa?” Kweli, mabegani palipopigwa na jua, kitenge kilikuwa njano.

Sensa ya kamera hupima nyekundu, kijani na buluu tu. Chungwa lililokolea ni nyekundu nyingi, kijani kiasi, na buluu karibu hakuna. Fikiria ndoo tatu zinazokinga mwanga. Ya nyekundu hujaa kwanza. Ikishajaa haipandi tena, lakini ya kijani inaendelea kupanda, na nyekundu iliyochanganyika na kijani kingi ni njano. Kwa hiyo kitambaa hakikupauka, kilihama rangi.

Mwalimu mzuri wa jambo hili ni kibobakasi, ule mti ambao watoto hubinya machipukizi ya maua yake ili yaruke maji. Ua lake ni chungwa linalokaribia wekundu, na ukingoni limezungukwa na uzi mwembamba wa njano. Uzi huo ukionekana pichani, umepima mwanga sawasawa. Ukimezwa, nyekundu imeungua, yaani ndoo yake imejaa. Usiiamini grafu ya mwanga wa jumla (histogramu) ya kamera, maana inaweza kukuonyesha kuwa kuna nafasi wakati nyekundu imeshajaa. Fungua ile inayotenganisha rangi tatu. Mimi huanza stopu moja chini, yaani nusu ya mwanga, napiga faili ghafi (RAW, ambalo kamera haijalichakata), na nikiweza nasubiri wingu lipite, kwa sababu jua kali huweka mng'ao mweupe juu ya petali na kuziosha rangi.

Machweo yanataka wepesi. Huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, hivyo baada ya kuzama una kama dakika 20 tu za rangi. Pima mwanga angani, pembeni mwa jua. Halafu geukia kaskazini: mji ukishaingia kivulini, Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, bado kinaliona jua, na theluji yake inashika rangi ya chungwa laini ambayo wengi wanaikosa kwa kutazama magharibi tu.

Usiku shida inageuka: mizani ya weupe (mpangilio wa kamera wa kusahihisha rangi ya mwanga) ikiwa otomatiki, kamera inajitahidi kulifuta chungwa. Iweke kwenye alama ya jua, takriban kelvini 5,500 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Balbu ya kizamani yenye kelvini 2,700 itabaki na joto lake, na jiko la mchoma mahindi pia. Ila usipime kwenye makaa. Pima kwenye mkono ulioshika kipepeo cha kupepea jiko, halafu punguza kidogo mpaka makaa yaache kuwa njano.