Programu Huria Haimaanishi Inakubali Kompyuta Yoyote

Vijana wa hapa Lamu wanaojifundisha kubuni prosesa wana kauli moja wanayoipenda: "Zana hizi ni huria, kwa hivyo zinakubali popote." Nimeisikia Mkomani, nimeisikia Langoni, na juzi nimeisikia kwa mtu anayewafundisha wenziwe. Hapo nikaona bora niandike.

Utangamano wa programu na mfumo wa uendeshaji ni hivi: programu iliyokwisha kujengwa inapata kutoka kwa mfumo kila inachokiomba, kwa jina lile lile na kwa namna ile ile inavyotarajia kukipata. Inaomba kumbukumbu, inaomba kufunguliwa faili, inaomba dirisha la kuchorea. Ikinyimwa kimoja, ama haifunguki kabisa, ama inafunguka na kukuangusha katikati ya kazi. Maana yenyewe haina zaidi ya hapo.

Penye matata ni pale niliposema "iliyokwisha kujengwa", yaani msimbo uliokwisha kugeuzwa kuwa faili ya kuendeshwa.

Uhuria ni jambo la leseni. Yosys, inayogeuza maandishi ya Verilog (lugha ya kueleza saketi) kuwa mageti, yaani vipande vidogo vya saketi ya chipu, ni huria. OpenROAD, inayoyapanga mageti hayo juu ya silikoni na kuyaunganisha kwa nyaya, ni huria vilevile. Magic, ya kuchorea na kukagulia umbo la chipu, imetoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu miaka ya 1980, na msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Leseni inakuruhusu kuuchukua msimbo, kuusoma, kuubadilisha na kuujenga upya. Haikuahidi kwamba faili aliyoijenga mwenzako kwenye mashine yake itafunguka kwenye yako. Ramani ya mlango wa nakshi unaweza kumpa fundi yeyote, lakini mlango uliokwisha kuchongwa umekatwa kwa kipimo cha miimo yake. Ukiupeleka nyumba nyingine usimlaumu aliyechora ramani.

Wala usiniambie "mimi natumia Linux, hayo hayanihusu." Yanakuhusu wewe kuliko wote. Programu karibu zote za Linux ya kawaida hutegemea maktaba moja ya msingi iitwayo glibc. Maktaba hiyo inaheshimu ya zamani: programu iliyojengwa juu ya toleo la nyuma hufanya kazi juu ya toleo la mbele. Kinyume chake hakuna ahadi. Ubuntu, ambayo ni aina moja ya Linux, katika toleo la 20.04 ina glibc 2.31, na Ubuntu 22.04 ina 2.35. Mtu akijenga Yosys kwenye 22.04 akakupa kwa flashi, nawe una 20.04, utaambiwa GLIBC_2.34 haikupatikana. Tena haihitaji programu kubwa. Hata ile ya mistari mitatu ya kuandika "Habari" ikijengwa kwa njia ya kawaida kule itagoma huku, kwa sababu toleo la 2.34 la glibc lilibadilisha mlango wenyewe ambao kila programu ya lugha ya C huingilia. Wote wawili mna Linux, wote wawili mna Ubuntu, na bado haikubali. Ndiyo maana wanaosambaza faili zilizojengwa tayari hupenda kuzijengea kwenye mfumo wa zamani kidogo: si ushamba, ni hesabu.

Halafu kuna aina ya prosesa iliyo ndani ya kompyuta yako. Faili iliyojengwa kwa x86-64 (prosesa za Intel na AMD) si ya ARM (zile za simu nyingi), hata kama pande zote mbili ni Linux.

Windows nayo inasingiziwa na kusifiwa isivyo haki. Zipo zana zenye faili za Windows halisi: KLayout, ya kutazamia na kuhariri umbo la chipu, inazo, na Yosys huja ndani ya OSS CAD Suite, furushi la zana huria lililojengewa Windows, macOS na Linux. Lakini mara nyingi mtu anaposema "nimeiendesha OpenLane kwenye Windows" (OpenLane huziunganisha zana kama Yosys na OpenROAD ziwe kazi moja), anachomaanisha ni WSL, njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows. Microsoft waliitoa mwaka 2016, na toleo la pili, la 2019, lina kiini cha kweli cha Linux kinachoendeshwa ndani ya mashine pepe. Kwa hivyo OpenLane haijatangamana na Windows. Imetangamana na Linux, na Windows imempokea mgeni. Docker, inayofungasha programu pamoja na vyote inavyovihitaji, ni hadithi ile ile: hubeba maktaba zake, hutumia kiini cha Linux, na mwenye Windows au Mac huwa anaendesha Linux nyuma ya pazia bila kujua. (Anajua siku bando linapoisha, maana mzigo wake hupimwa kwa gigabaiti.)

Hata programu ikifunguka, mafaili yana yao. Kwa kawaida Windows na macOS hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina: Alu.v na alu.v ni faili mbili kwenye Linux, na moja kwenye Windows. Na Make, programu ya kupanga hatua za ujenzi inayotumiwa na miradi mingi ya chipu, haipatani na nafasi katika majina, kwa hivyo folda ya "Kazi Ya Chuo" inaweza kuvunja ujenzi uliokuwa mzima. Watu hulaumu mfumo wa uendeshaji wakati dawa ni kuandika kazi_ya_chuo.

Basi, ndugu zangu, badala ya kuuliza "inakubali Linux?" ulizeni imejengewa mfumo gani, toleo lipi, na kwa prosesa ya aina gani, au imeachwa msimbo tupu mjijengee wenyewe.

Na yule bwana aliyeniambia "RISC-V haikubali Windows" (RISC-V ni muundo huria wa maagizo ya prosesa) kwa kuwa zana zilimgomea kwenye laptopu yake, namwambia kwa upole kwamba amechanganya kompyuta mbili. Moja ni ile anayobunia, nyingine ni ile anayoibuni. Ni kweli Microsoft hawajatoa Windows ya kuendeshwa juu ya prosesa za RISC-V, lakini hilo halihusiani na kilichomgomea. Laptopu yake ni ya Intel, na anaweza kubuni RISC-V humo humo. Aanze kwa kuwasha WSL.